Laptopu Yako Haina Sehemu ya CD? Soma Hapa Kabla Hujanunua Draivu ya Nje

Mwanachuo mwenzangu, chukua laptopu yako uikague ubavuni. Kama ni ya miaka ya karibuni utakuta tundu la chaja, matundu mawili matatu ya USB, la kuchomeka earphone, basi. Ile trei iliyokuwa inachomoza ukibonyeza kitufe ili uweke CD au DVD haipo. Si kwamba muuzaji amekupiga. Watengenezaji wenyewe waliamua kuiondoa ili mashine iwe nyembamba na nyepesi. Apple waliitoa mapema kwenye MacBook Air ya mwaka 2008, wengine wakafuata kidogo kidogo, na leo ukiona laptopu yenye trei dukani, mara nyingi ni mtumba.

Kwa wengi wetu hilo halisumbui. Muziki uko kwenye simu, muvi tunarushiana kwa flashi, notsi zinakuja kwenye grupu la darasa. Shughuli inaanza ukienda nyumbani likizo na kufungua kabati la sebuleni. Kanda ya Ziwa, kama sehemu nyingine za nchi, ilipita kwenye kipindi ambacho kila jambo la maana liliwekwa kwenye diski: harusi, sendofu, kipaimara, mahafali ya kidato cha nne, mazishi. Humo kabatini utakuta kwaya ya AIC Makongoro, filamu za marehemu Kanumba, nyingine zina stempu ya TRA kwenye kasha, na ngoma za wagalu na wagika zilizonunuliwa siku ya gulio. Deki iliyokuwa inazichezesha iliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu, na hakuna aliyenunua nyingine.

Filamu ya Kanumba unaweza kuitafuta YouTube. Harusi ya wazazi wako haipo YouTube. Ipo kwenye diski moja, labda mbili, na mpiga picha aliyeirekodi huenda alishafunga studio zamani. Ndiyo maana naandika habari hii. Draivu ya nje ni kifaa kidogo, unakichomeka kwenye USB na kinasoma diski. Ila madukani zipo za kila aina, na ukikosea kuchagua utakuwa umeila bumu yako bure.

Kwanza hesabu ulicho nacho

Kabla ya kwenda mjini, pekua lile kabati ujue una diski za aina gani. Zote zina upana uleule, sentimita 12, lakini ndani hazifanani. CD ya kawaida inabeba MB 700 hivi. VCD, zile za muvi na kwaya za mwanzoni, ni CD iliyowekwa video, ndiyo maana filamu moja ilikuja na diski mbili. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7, na yenye tabaka mbili GB 8.5. Blu-ray inaanzia GB 25, ila hiyo kwenye makabati ya kwetu ni nadra sana.

Tofauti yake iko kwenye udogo wa maandishi. Diski huandikwa kwa mstari mmoja mrefu unaozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni, kama mwanzi wa leza ungekuwa kalamu. Kwenye DVD mizunguko imebanana zaidi ya mara mbili kuliko kwenye CD, kwa hiyo inahitaji mwanga wa leza mwembamba zaidi kuisoma. Ndiyo sababu draivu ya DVD inasoma na CD pia, lakini ya CD pekee haiwezi kusoma DVD.

Geuza diski uangalie upande wa chini. Ukiona fedha tupu inayong'aa, hiyo ilipigwa chapa kiwandani. Ukiona rangi inayoelekea bluu, kijani au zambarau, hiyo ilichomwa kwenye kompyuta. Hizi za kuchomwa ndizo za kuwahi, maana maandishi yake yamo kwenye tabaka la rangi, na rangi hufifia kwa jua na joto. Diski ya harusi iliyokaa miaka juu ya TV inayopigwa na jua la dirishani inaweza kuonekana nzima kabisa na bado isisomeke.

Soma maandishi kwenye draivu, usisome kwenye boksi

Boksi linaweza kusema lolote. Geuza draivu yenyewe usome kilichoandikwa.

DVD-ROM inasoma CD na DVD, haichomi chochote.

Combo inasoma DVD na CD, lakini inachoma CD tu. Nyingi ni za zamani.

DVD-RW, au DVD Writer, au Super Multi, inasoma na kuchoma zote mbili. Hii ndiyo inayomfaa mwanachuo wa kawaida.

Blu-ray inasoma kila kitu, lakini bei yake iko juu. Kama huna diski ya Blu-ray hata moja, achana nayo.

Ukiona draivu nzuri ya Apple ya mtumba yenye bodi ya alumini, uliza moyo wako kama una Mac. Ile ilitengenezwa kwa ajili ya Mac, na kwenye Windows ni mtihani.

Umeme ni muhimu kuliko kasi

Muuzaji atakwambia, "Hii ni USB 3.0, kaka, inakimbia." Msikilize, halafu piga hesabu. Draivu nyembamba za nje nyingi husoma DVD kwa kasi ya 8x, ambayo ni kama MB 11 kwa sekunde. USB 2.0 ya zamani kwenye karatasi inapitisha hadi MB 60 kwa sekunde. Kwa hiyo hata tundu la zamani lina nafasi ya kutosha na kubaki. Kwa DVD, USB 3.0 haiongezi kasi.

Inachosaidia ni umeme. Draivu hizi hazina chaja yake, zinanyonya umeme kwenye laptopu kupitia waya uleule. USB 2.0 inatakiwa kutoa miliampia 500, USB 3.0 inatoa 900. Mota ya draivu inapoanza kuzungusha diski inahitaji umeme mwingi kwa muda mfupi, na hapo ndipo tundu dhaifu linaposhindwa. Dalili zake utazijua: diski inaanza kuzunguka, inakata, inaanza tena, inalia tik-tik, halafu kompyuta inasema haikitambui kifaa. Watu wengi wakiona hivyo wanasema draivu ni mbovu na kuirudisha dukani. Mara nyingi ni njaa ya umeme tu.

Dawa ni kuichomeka moja kwa moja kwenye laptopu, usiipitishe kwenye kigawanyio chenye mausi, flashi na feni ya kupooza. Tumia tundu lenye rangi ya bluu ndani au lenye alama ya SS kama lipo. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma. Zipo pia draivu zinazokuja na waya wenye vichwa viwili vya USB, kimoja kwa data na kingine kwa umeme wa ziada, na kwa laptopu iliyochoka huo ni msaada mkubwa. Kama laptopu yako ina Type-C pekee, hakikisha waya au adapta ya kufaa inaingia kwenye bei unayopatana.

Usinunue kwa mategemeo ya kuchomeka kwenye simu au TV. Simu nyingi na TV nyingi zinaitambua flashi lakini draivu ya diski haziielewi.

Njia ya fundi

Kuna njia nyingine ambayo wenye maduka hawaitangazi. Laptopu za zamani zilizokufa bado zina draivu nzima ndani yake, na zinauzwa kama spea. Unachohitaji ni kasha la kuiwekea lenye waya wa USB. Jambo moja la kuangalia ni unene: kuna za milimita 12.7 na za milimita 9.5. Nene haiingii kwenye kasha la nyembamba. Nenda na rula, au nenda na draivu yenyewe mkononi. Pia hakikisha aina ya plagi ya nyuma inaoana na ya kwenye kasha, maana laptopu za zamani sana zilikuwa na plagi pana ya aina nyingine.

Jaribu palepale dukani

Ukishuka mjini, iwe Mtaa wa Rufiji, Makoroboi au Barabara ya Nyerere, beba laptopu yako na diski tatu: moja ya kiwandani, moja ya CD ya kuchomwa, na moja ya DVD ya kuchomwa. Usibebe ile pekee ya harusi.

Weka kila moja. Usiridhike kuona jina la diski limetokea kwenye skrini, kwa sababu jina liko mwanzoni, karibu na katikati. Maandishi yanaisha upande wa nje, na huko ndiko draivu iliyochoka inakoanguka. Kwa hiyo peleka video karibu na mwisho uone kama inaganda. Kisha nakili faili moja kubwa mpaka limalizike. Dakika kumi hizi zinakuokolea nauli ya daladala kurudi kulalamika. Omba risiti, na uliza unapewa siku ngapi za kurudisha.

Ukifika geto usishangae Windows ikigoma kucheza DVD. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, programu ya kuchezesha DVD haiji nayo. Weka VLC, ni ya bure, inacheza DVD na VCD. Kuhusu kanda za dunia: filamu za DVD za kiwandani zinaweza kuwa na namba ya eneo. Tanzania na sehemu kubwa ya Afrika ni eneo la 5, na draivu hukuruhusu kubadili eneo mara tano tu, baada ya hapo inajifunga. Diski za harusi hazina mambo hayo.

Kazi yenyewe: kuziokoa

Futa diski kwa kitambaa laini cha pamba, kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Draivu ina uwezo wa kurekebisha makosa madogo, na mkwaruzo unaokatiza mstari unapoteza kidogo kidogo. Mkwaruzo unaofuata mstari unafuta kipande kirefu cha mfululizo. Kwa CD, chunga pia upande wa juu wenye maandishi, maana tabaka la fedha liko hapo chini ya rangi nyembamba tu. Ukilikwangua kwa peni, hakuna fundi atakayelirudisha.

Kwenye DVD ya harusi utaona folda ya VIDEO_TS. Nakili folda yote. DVD kumi zilizojaa ni kama GB 47, kwa hiyo flashi ya GB 64 inatosha. Kwenye VCD, video ziko kwenye folda ya MPEGAV. Diski ikigoma, ijaribu kwenye draivu nyingine kabla ya kuitupa, kwa sababu draivu hazilingani uwezo wa kusoma. Mwenzetu mmoja anayetokea Ukerewe ana VCD moja ya sherehe ya ukoo ambayo ndani yake babu yake, sasa marehemu, anasimulia asili yao kwa Kikerewe. Laptopu mbili ziliikataa. Draivu ya tatu ikaisoma yote, isipokuwa dakika chache za mwisho. Sauti ya mzee ipo, na sasa iko kwenye simu za wajukuu.

Weka nakala sehemu mbili tofauti, moja kwako, nyingine kwa ndugu anayekaa mji mwingine. Nakala mbili kwenye begi moja ni nakala moja, mwizi hachambui. Diski zenyewe usizitupe, zirudishe kwenye makasha, mbali na jua, vumbi na unyevu.

Kama unapeleka kazi steshenari badala ya kununua, kaa hapohapo mpaka imalizike. Video za msiba wa familia si za kubaki kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Na tuelewane: nazungumzia vitu vyenu vya nyumbani. Kuchoma filamu ya msanii na kuiuza ni wizi, na COSOTA ipo kwa ajili hiyo.

Je, ununue peke yako?

Kama una diski tano, usinunue. Azima. Kama mko sita hosteli au mnaishi geto moja, changeni mnunue moja, muiweke zamu. Kazi yake kwa kila mtu ni ya wiki moja, baada ya hapo inakaa kwenye droo. Kwa sisi wa ualimu kuna sababu ya ziada: shule nyingine tunazopangiwa mazoezi ya kufundisha zina CD za masomo kwenye kabati la ofisi, na kompyuta zilizopo hazina pa kuziweka. Mwalimu mwanafunzi anayefika na draivu kwenye begi ataonyesha mlima wa volkano ukilipuka badala ya kuuchora kwa chaki.

Likizo inakuja. Mkishakubaliana nani anunue, mpigie mama simu umwambie asigawe lile boksi la diski wala asimpe mtoto wa jirani kuchezea. Mwambie alitoe juu ya TV, aliweke kivulini, unakuja.