Betri na Umbali: Kiti cha Magurudumu cha Umeme kati ya Nangina na Mpaka wa Busia

Kiti cha kawaida cha magurudumu cha umeme huendeshwa na betri mbili za volti 12 zilizofungwa pamoja, ili mota zipate volti 24. Ukubwa wa betri hupimwa kwa ampea-saa. Betri za ampea-saa 35 zimezoeleka kwenye viti vya kadiri, na viti vizito hubeba za 50 hadi 75. Volti zikizidishwa kwa ampea-saa hutoa wati-saa, yaani nishati yote iliyomo: 24 mara 35 ni 840. Hesabu ya safari yoyote huanzia hapo, iwe ya kwenda sokoni, hospitalini au ng'ambo ya mpaka.

Umbali unaoandikwa kwenye karatasi za kiti ni halali, ila ni wa mahali pengine. Kipimo cha kimataifa, ISO 7176-4, hukadiria umbali kwa kukiendesha kiti kwenye uwanja tambarare na mgumu, betri zikiwa zimejaa. Katika bustani kubwa za burudani za Marekani makadirio hayo hayapotei mbali na ukweli, kwa sababu njia zimesakafiwa. Njia inayozunguka ziwa la EPCOT, Florida, ina karibu kilomita 2, na mgeni anaweza kuizunguka yote bila gurudumu kugusa udongo. Busia hakuna sakafu ya namna hiyo. Lami huishia ghafla, ukingo wa barabara umeliwa na mvua, na mlango wa duka uko juu ya mfereji uliozibwa kwa ubao.

Kinachokula betri ni nguvu ya kulisukuma gurudumu, na kilomita peke yake haiielezi nguvu hiyo. Kiti na mwenye kiti wakiwa na kilo 150 kwa pamoja, sakafu ngumu na tambarare huwadai nguvu ya newtoni 30 hivi. Wakipanda ulalo wa mita 1 kwa kila mita 12, kiwango kinachotumiwa sana katika kujenga njia za viti vya magurudumu, huongezeka newtoni 120 nyingine. Mita moja ya kupanda basi hugharimu kama mita tano za tambarare. Kuteremka upande wa pili hakurudishi hasara hiyo, kwani nishati nyingi huishia kwenye joto. Changarawe iliyolegea au udongo ulioloa unaweza kuongeza matumizi mara mbili au zaidi. Mzigo nao huhesabiwa: kilo 40 za unga zikipakiwa kwenye kiti hicho, uzito huongezeka kwa zaidi ya robo, na nguvu inayohitajika hupanda kwa kiasi hichohicho.

Betri za asidi na risasi, ambazo ndizo nyingi kwa sababu ya bei, hazifai kukamuliwa hadi mwisho. Zikitumiwa nusu tu kila siku hudumu muda mrefu kuliko zikimalizwa kila jioni. Kati ya zile wati-saa 840, kwa hiyo, za kupangia safari ni 420. Kiti kinachokula wati-saa 25 kwa kilomita kwenye sakafu kitakwenda kilomita 17 hivi. Kwenye changarawe, matumizi yakifika 50, kitakwenda 8, na hizo ni za kwenda na kurudi. Betri za lithiamu, hasa za aina ya fosfati ya chuma, huruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi ya chaji na ni nyepesi, lakini hudai chaja yake na bei yake.

Mpaka wa Busia ulijua biashara ya magurudumu muda mrefu kabla ya mota. Watu waliolemazwa miguu, wengi wao kwa polio, walivusha bidhaa kati ya Kenya na Uganda kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Wanaanthropolojia Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliieleza kazi hiyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Baiskeli zilibeba mzigo mkubwa kuliko mtu anavyoweza kujitwisha kichwani, na maofisa wa forodha hawakuwabana sana wenye baiskeli hizo. Biashara kama hiyo imeonekana pia Goma, kwenye kivuko cha kuingia Rwanda. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2005 ulilegeza ushuru, na faida ya kuvusha ikapungua. Baiskeli ya mkono ilikuwa na sifa ambayo kiti cha umeme hakina: haizimiki. Anayesaidia kuisukuma hulipwa kwa kazi yake, na anayezungusha kwa mikono huchoka, ila chombo hakimwachi mtu katikati ya barabara. Anayehamia kwenye umeme hupata mabega yaliyopumzika, na pamoja nayo hupata kazi ya kupanga.

Kwa mkazi wa Nangina, mpango huo hugawanyika mara mbili. Kutoka huko hadi mji wa Busia ni zaidi ya kilomita 20, katika nchi ya vilima vya Samia, na hakuna kiti cha kawaida cha kutegemewa kwenda na kurudi umbali huo. Kilomita hizo ni za gari. Za betri ni zile za kutoka nyumbani hadi kituo cha matatu, au hadi Hospitali ya Holy Family, kisha za ndani ya mji. Tatizo la gari ni uzito, kwani kiti chenye betri za risasi huweza kupita kilo 60, na betri mbili za ampea-saa 35 pekee zina kilo 22 hivi. Zikitolewa kwanza, vijana wawili wa stendi wanaweza kukiinua kiti. Kiti kishikwe kwenye fremu. Sehemu za kuwekea mikono mara nyingi huchomoka.

Ndani ya Busia, umbali hupimwa mara moja kwa pikipiki au kwa ramani ya simu, halafu huandikwa: stendi hadi soko, soko hadi mpakani, mpakani hadi upande wa Uganda. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kimepunguza vituo vya ukaguzi, kwa kuwa msafiri hukaguliwa na nchi zote mbili upande anaoingia. Foleni bado ipo, na foleni huila betri kuliko inavyodhaniwa. Kusogea mita moja, kusimama, kusogea tena, ni kuwasha mota upya kila mara, na mota hunyonya umeme mwingi zaidi inapoanza. Betri ya risasi ikinyonywa kwa kasi hutoa umeme pungufu ya ulioandikwa juu yake, pengine kwa theluthi nzima. Malaba, kivuko kingine cha mpaka huohuo, ambako foleni ya malori huweza kuenea kilomita kadhaa, kiti hulazimika kupita pembeni, palepale udongo ulipolegea.

Taa za chaji karibu na kijiti cha kuongozea hudanganya. Kiti kikipanda ulalo, taa hushuka kutoka kijani hadi njano; kikipumzika dakika chache hurudi kijani, ilhali chaji haijaongezeka hata chembe. Usomaji wa kuaminika ni wa mita ya volti, kiti kikiwa kimetulia saa kadhaa. Betri mbili za risasi zilizojaa huonyesha karibu volti 25.5, na zikibaki na nusu ya chaji huonyesha karibu 24.4. Kanuni inayofaa ni kugeuka nyumbani kabla theluthi moja ya chaji iliyopangiwa safari haijatumika ikiwa njia ya kurudi inapanda, kwa sababu mteremko wa asubuhi ndio mlima wa jioni.

Kuchaji huchukua saa 8 hadi 12, na betri ya risasi huchajiwa kila siku inapotumiwa, hata kama imepungua kidogo. Ikilala bila chaji, risasi yake hujenga ukoko wa salfeti na uwezo haurudi wote. Stima ikipotea usiku, safari ya kesho hufupishwa. Paneli ya jua ya wati 150 inaweza, kwa jua zuri la Busia, kurudisha zile wati-saa 420 kwa siku moja, lakini jua huwaka wakati kiti kiko sokoni. Dawa ni betri nyingine nyumbani ya kuhifadhi umeme huo, ila kila umeme unapohamishwa kutoka betri hadi betri sehemu yake hupotea.

Betri ya gari si mbadala. Imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, na kukamuliwa kila siku huiua upesi. Betri za pikipiki za umeme, mara nyingi za volti 60 au 72, zitaunguza kidhibiti cha kiti cha volti 24. Wakati wa mvua, mfuko wa plastiki juu ya kijiti huokoa sehemu ghali ya kurekebisha. Kiti kikizimika kabisa, klachi za mota hufunguliwa ili kisukumwe. Zikiwa wazi breki ya umeme haishiki, kwa hiyo mteremkoni msukumaji hushika kabla ya kufungua.

Betri hubadilishwa zote mbili kwa pamoja, kwani mpya ikifungwa na kuukuu huburutwa chini. Zilizochoka huuzwa kwa kilo zikiwa nzima, bila kumwagwa maji yake ya asidi ili kupunguza uzito, wala kupasuliwa nyumbani. Kenya imeona vumbi la risasi hufanya nini: katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifungwa mwaka 2014, baada ya risasi kupatikana katika damu ya watoto wa jirani.