Nyumba ya sanaa ya tatoo: Msonge ni sawa, sindano iwe na chumba chake

KIKUNDI cha wasanii wa Karagwe au Kyerwa kikitaka jengo la pamoja la tatoo, ususi na uchongaji, mfano wa kuanzia upo nyumbani: msonge.

Msonge hujengwa kwa fito, matete na nyasi, hivyo fedha ya ujenzi hubaki kijijini, kwa mkata matete, muuza nyasi na fundi. Ni mwepesi pia, na wana Kagera hawajasahau tetemeko la Septemba 10, 2016, lililoangusha nyumba nyingi za matofali. Walio Dar es Salaam wanaweza kuona nyumba ya Wahaya ya aina hiyo Kijiji cha Makumbusho.

Lakini msonge una giza, na nyasi hudondosha vumbi. Tatoo hutoboa ngozi. Sindano iliyotumiwa na zaidi ya mtu mmoja huweza kuambukiza homa ya ini na virusi vya Ukimwi, sawa na wembe wa chale.

Kwa hiyo msonge uwe ukumbi wa maonyesho na mauzo. Chumba cha sindano kijengwe kando, kiwe na nondo na lenta imara, madirisha mapana, sakafu laini ya saruji, sinki, tangi la maji ya mvua na kasha gumu la kutupia sindano.

Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizopandishwa hadhi mwaka 2019, zinaweza kuleta wateja. Lakini mteja mmoja akiondoka na ugonjwa, biashara imekufa.