Diski ya Blu-ray inabeba GB ngapi? Ijue kabla hujafuta kadi

Leo tunaziacha mbolea kidogo, kuna jambo limewagharimu wenzenu.

Kikundi kimoja cha nyanya kilirekodi video za msimu mzima, toka kitaluni mpaka kupakia makreti. Jumla GB 40. Wakapeleka dukani zichomwe kwenye Blu-ray, zile diski za filamu zenye picha safi. Muuzaji akasema moja inatosha, "hizi ni HD". Wakafuta kadi ya kamera. Kufungua nyumbani, video zinaishia kwenye maua! Siku za kupiga dawa na mavuno, hakuna.

Diski ile ilikuwa ya GB 25. Blu-ray ya tabaka moja ndiyo inabeba hiyo, ya tabaka mbili inabeba GB 50. Kuna BDXL pia, za GB 100 na 128, ila hizo zinataka mashine inayozikubali. DVD ya kawaida ni GB 4.7 tu. Zote zina upana wa sentimita 12, kwa hiyo usipime kwa macho. Fanya kama unavyofanya na chupa ya dawa: soma lebo. BD-R tupu ni GB 25, ikiandikwa BD-R DL ni GB 50. BD-RE maana yake inafutika na kurekodiwa upya.

Diski ya filamu yenyewe ni ngumu kidogo, mara nyingi kasha halisemi. Iweke kwenye kompyuta yenye kisomeo cha Blu-ray, angalia nafasi iliyotumika. Ikizidi GB 25, ujue si ya tabaka moja. Ikiwa chini ya hapo usikimbilie kusema ni ndogo, maana filamu ya GB 22 inaweza kukaa ndani ya diski ya 50. Za 4K huwa 50, 66 au 100.

Halafu kompyuta nyingi zitakuonyesha 23.3 badala ya 25, au 46.6 badala ya 50. Hujaibiwa hapo. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1024.

Ukishachoma, fungua faili la mwisho kabisa, licheze hadi liishe. Wale vijana wameshasia tena mwezi huu. Safari hii wamenunua BD-R DL, na kadi ya kamera wameifungia kabatini.