MKATABA KWANZA, MTAMBO BAADAYE



Zamani habari za gazeti zilipita kwa mpanga herufi, aliyezipiga kwenye Linotype, mashine iliyomimina mistari ya risasi iliyoyeyushwa. Yeye akiweka kazi chini, gazeti halitoki. Kompyuta ilimwezesha mwandishi kupiga habari yake mwenyewe, na nguvu hiyo ikatoweka.

Mwaka 1974 chama cha wapanga herufi wa New York kiliwahi. Kilikubali kompyuta kwa mkataba wa miaka 11, na wanachama wa kudumu wakahakikishiwa ajira ya maisha. The New York Times lilipoacha risasi Julai 1978, mkataba ungali unawalinda.

London mambo yalikuwa mengine. Rupert Murdoch alifunga mitambo Wapping kwa siri. Wachapaji walipogoma Januari 1986, alifukuza zaidi ya 5,000. Magazeti yake manne yaliendelea kutoka, mafundi umeme wa chama kingine wakishika kazi. Mgomo ulikwisha Februari 1987, waliofukuzwa hawakurudishwa.

Basi tumwulize mwajiri mapema: Mtambo gani unakuja? Nani atafundishwa? Nani atapunguzwa? Majibu yaandikwe na kutiwa sahihi kabla mtambo haujafungwa.