Mpaka wa Msitu Uko Wapi? Ramani za Serikali na Kazi ya Kamati Zetu Rungwe



Baadhi ya wafadhili wetu wametuuliza swali la haki kabisa: kwa nini sehemu ya fedha za upandaji miti imetumika kwenye semina ya kusoma ramani? Wajumbe wa kamati za sharika nao wameuliza hivyo hivyo, tena kwa maneno makali zaidi. Tunajibu wote kwa pamoja, na itabidi tuanze na kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kwenye kijiji kimoja upande wa kaskazini wa Mlima Rungwe, tukiwa na kifaa cha GPS tulichopewa msaada na nakala ya ramani ya Serikali iliyotolewa fotokopi. Nia ilikuwa njema. Tulitaka kupanda miti ya asili kandokando ya mpaka wa msitu, hivyo tukapima pembe za mashamba ya juu, tukarudi ofisini, tukaweka nukta zetu juu ya ramani. Mashamba ya familia kadhaa yaliangukia ndani ya msitu wa hifadhi. Tukarudi kijijini na kuwaambia hivyo. Msimu ule baadhi yao hawakupanda viazi kwa hofu ya kufukuzwa. Mama mmoja mzee, ambaye kaburi la mume wake liko pembeni mwa shamba lake, alituuliza: "Wanangu, kwa hiyo mume wangu nimemzika msituni?"

Hakuwa amemzika msituni. Tulikosea sisi, na kosa lenyewe linafaa kila kamati ilielewe.

Ramani za Serikali za skeli ya 1:50,000, zile zinazotolewa na idara ya upimaji na ramani katika wizara ya ardhi, zilichorwa kwa msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960. Jina hilo huandikwa pembeni mwa ramani kwa herufi ndogo. Kifaa cha GPS kinapotoka dukani hutumia msingi mwingine, WGS 84. Misingi yote miwili ni sahihi, ila haianzii kuhesabu mahali pamoja. Ni sawa na watu wawili wanaopima uwanja mmoja, mmoja akianzia ukutani na mwingine barabarani. Ukichukua namba za WGS 84 na kuziweka kwenye miraba ya ramani ya Arc 1960 bila kuzibadilisha, hapa kwetu kila nukta itasogea kuelekea kusini kwa mita 300 hivi, na kidogo mashariki. Kijiji kikiwa kaskazini mwa mlima, kusini ndiko uliko msitu, na kwa hiyo mashamba yote "yanaingia" msituni. Kijiji kikiwa kusini mwa mlima mambo hugeuka, na aliyevamia msitu kweli ataonekana hana kosa. Kurekebisha ni kubonyeza kitufe tu ndani ya kifaa, kuchagua msingi unaolingana na ramani. Sisi hatukujua. Na fotokopi ilikuwa imepunguza ukubwa wa karatasi, maana mashine nyingi hufanya hivyo, kwa hiyo hata rula yetu ilidanganya.

Watu wengine husema, basi ramani hazifai, turudi kwa wazee. Hatukubaliani nao. Tunachosema ni kwamba ramani ni shahidi, na shahidi huulizwa maswali kabla ya kuaminiwa.

Swali la kwanza ni la skeli. Kwenye ramani ya 1:50,000 milimita moja ni mita 50 za ardhini. Mstari wa mpaka uliochorwa kwa wino, wenye unene wa nusu milimita, tayari umefunika mita 25, na hapo familia inaweza kuwa na nyumba, zizi na migomba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuharibu mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Mita 60 kwenye ramani hiyo ni milimita moja na kitu kidogo. Hakuna jicho litakaloipima hapo kwa haki. Mita 60 hupimwa kwa futi kamba, ukisimama mtoni, majirani wakitazama. Ramani itakuonyesha mto na vijito vyake, na ni vijito vipi viko kwenye eneo la usharika wako, basi.

Swali la pili ni la umri. Ramani nyingi za aina hii zilitokana na picha zilizopigwa kutoka ndegeni miongo mingi iliyopita. Njia za miguu zilizochorwa humo zimekufa, na vitongoji vipya havimo. Hapo picha za setilaiti husaidia. Tangu 2008 Serikali ya Marekani inatoa picha za setilaiti zake za Landsat bila malipo kwa yeyote, na kumbukumbu zake zinaanzia 1972. Kwa wilaya kama yetu hiyo ni neema, kwa sababu unaweza kuona mlima ulivyokuwa kabla vijana wa leo hawajazaliwa. Lakini nukta moja ya picha hizo tunazozitumia zaidi ni mita 30 kwa mita 30, karibu robo eka, na yote huonekana kama rangi moja. Shamba la maparachichi lililostawi vizuri linaweza kufanana na msitu. Tumeshaona ramani nzuri sana ya rangi ambayo "msitu mpya" wake ulikuwa miti ya biashara ya mkulima mmoja hodari. Wafadhili wetu wanaopenda ramani za rangi katika taarifa, na tunawashukuru kwa kupenda kuona matokeo, watuvumilie tunapochelewa kuzileta. Tunakwenda kwanza kuangalia.

Swali la tatu ndilo kubwa: ramani hiyo ina nguvu gani kisheria? Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 za 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, ardhi yote ya nchi yetu iko katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi ya kijiji. Haina mamlaka ya kumgawia mtu hata hatua moja ya ardhi ya hifadhi, na kinyume chake ofisa wa hifadhi hawezi kuitwaa ardhi ya kijiji kwa kunyoosha kidole. Kinachoweka mpaka kati yao ni tangazo katika Gazeti la Serikali, pamoja na maelezo ya mpaka na ramani iliyotajwa humo. Ramani ya kawaida ya dukani, hata ikionyesha msitu kwa rangi ya kijani, haitoshi kumhukumu mtu.

Hapa Rungwe jambo hili lina uzito wa pekee. Mlima Rungwe, wenye karibu mita 2,960, ulikuwa msitu wa hifadhi kabla ya kupandishwa hadhi mwaka 2009 kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, ukiwa na zaidi ya hekta 13,600. Mashariki yake ipo Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa 2005, ambayo imeuchukua pia msitu wa Livingstone. Moja iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, nyingine chini ya Hifadhi za Taifa, na vijiji vimebanana katikati na pembeni. Mtu mmoja anaweza kuwa jirani wa mamlaka mbili zenye sheria mbili.

Na humo ndani anaishi kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua nyani huyu kwa jina lake zamani, lakini wataalamu walisikia habari zake kwao mwaka 2003 tu, wengine wakidhani ni hadithi. Alitangazwa kwa ulimwengu 2005, na mwaka uliofuata ikathibitika kwamba ni jenasi mpya kabisa, ya kwanza kwa nyani wa Afrika katika miaka 83. Watafiti walitembea msituni wakiandika kwa GPS kila kundi walilolikuta. Hesabu yao iliyochapishwa 2008 ilikuta wanyama 1,042 katika makundi 34 upande wa Rungwe na Kitulo, wote wakiwa ndani ya eneo la hekta 1,241. Tafakari udogo wake: shamba moja kubwa la chai linaweza kuwa na ukubwa huo. Wengine 75 walikuwa mbali, katika msitu wa Ndundulu.

Bila nukta zile hakuna ambaye angejua kwamba Bujingijila, ukanda mwembamba unaounganisha msitu wa Mlima Rungwe na ule wa Livingstone, una thamani kubwa kuliko ukubwa wake. Kipunji huishi juu ya miti. Ukanda ukikatwa miti yote, makundi ya pande mbili hayataonana tena. Kwa hiyo kosa la mita 300 ambalo kwenye mteremko mpana ni ugomvi wa shamba, pale Bujingijila linaweza kuumeza sehemu nzuri ya ukanda wenyewe, au kumnyang'anya mkulima shamba lake lote.

Turudi kwenye kijiji chetu. Tulipogundua kosa tuliomba radhi katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, jambo ambalo halikuwa jepesi. Kisha ofisa misitu alikuja na ramani ya tangazo, mwenyekiti wa kitongoji akaleta wazee waliowahi kufyeka mkuza wa mpaka enzi za ujana wao, na tukatembea siku mbili. Wazee walionyesha alama ambazo nyasi zilikuwa zimezifunika kabisa. Kifaa, safari hii kikiwa kimewekwa sawa, kilikubaliana nao karibu kila mahali. Shamba la yule mama liko nje ya msitu. Mashamba mawili ya watu wengine, ambayo hakuna aliyeyalalamikia, yalikuwa yamevuka. Wenyewe waliona alama kwa macho yao, wakaomba wavune kwanza, na ofisa akaandika makubaliano hayo.

Ndiyo sababu ya semina. Kamati inayotaka miche kwa ajili ya mpaka wa msitu au chanzo cha maji, ianze kwa kumwona ofisa ardhi wa Halmashauri, ya Rungwe au ya Busokelo, na kuuliza kama kijiji kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji na mpango wa matumizi bora ya ardhi. Nakala ya ramani iwe kamili, pembeni zisikatwe, maana maandishi madogo yako huko. Tutakuja na kifaa na futi kamba. Ninyi leteni wazee wawili wanaoukumbuka mkuza, mtu wa Halmashauri ya Kijiji, mwenye shamba mwenyewe, na viatu vya mvua.