Rasilimali za Mtandaoni za Usalama wa Mgonjwa na Matumizi Yake kwa Watoa Huduma za Afya wa Mpanda, Mkoa wa Katavi

1.0 Utangulizi

Usalama wa mgonjwa ni dhana inayohusu kuzuia madhara ambayo mgonjwa huyapata kutokana na huduma yenyewe, wala si kutokana na ugonjwa uliomleta kituoni. Dawa iliyotolewa kwa kipimo kisicho sahihi, damu ya kundi lisilooana na la mgonjwa na maambukizi yanayoingia katika kidonda cha upasuaji ni mifano ya madhara hayo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianzisha ushirikiano wa kimataifa kuhusu suala hili mwaka 2004. Mwaka 2011 lilitoa mtaala wa usalama wa mgonjwa kwa taaluma zote za afya, mwaka 2017 likaanzisha kampeni ya matumizi ya dawa yasiyo na madhara, na tangu 2019 tarehe 17 Septemba huadhimishwa kuwa Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani. Nyaraka hizi zote hupatikana bure mtandaoni. Kwa hiyo, mjadala wa makala haya hauhusu uhaba wa rasilimali. Unahusu yale yanayotakiwa kutendeka kati ya waraka ulioko mtandaoni na kitanda cha mgonjwa.

Mpanda ni mahali panapofaa kuuchunguza umbali huo. Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na katika sensa ya 2022 idadi ya wakazi wake ilikuwa imepita milioni 1. Mgonjwa wa Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, husafiri zaidi ya kilomita 100 kufika mjini Mpanda. Aidha, kwa miaka mingi mji huo uliangaziwa na majenereta, nje ya gridi ya taifa. Rasilimali inayodhani kwamba umeme na mtandao vipo saa zote imekwisha kuwaacha nje baadhi ya walengwa wake kabla haijafunguliwa.

2.0 Funzo la Ifakara

Mara nyingi hudaiwa kwamba zana za usalama wa mgonjwa hubuniwa kwa ajili ya hospitali za nchi tajiri. Dai hilo halilingani na historia ya zana mashuhuri kuliko zote. Orodha hakiki ya usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19, ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa ya Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionesha kwamba, kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo yatokanayo na upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Orodha hiyo ni ukurasa mmoja tu wa karatasi. Timu husimama mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Husimama na kusema kwa sauti jina la mgonjwa, mahali pa kupasuliwa na idadi ya vifaa vilivyohesabiwa. Faida yake haitokani na kuwa na nakala, bali na muuguzi kuruhusiwa kumsimamisha daktari bingwa kisu kikiwa mkononi. Ruhusa ya namna hiyo haiwezi kupakuliwa mtandaoni.

3.0 Mfano wa Magnesiamu Salfeti

Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16, Katavi iliongoza nchini kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Mimba ya kwanza katika umri mdogo ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na kifafa cha mimba, na dawa yake kuu ni magnesiamu salfeti. Dawa hii huokoa maisha; ikizidi, husimamisha pumzi.

Utaratibu wa WHO unaanza na gramu 4 kupitia mshipa, zikiwa katika mchanganyiko wa asilimia 20, na gramu 10 katika misuli, nusu kila tako. Dawa yenyewe kwa kawaida huwa na nguvu ya asilimia 50. Hivyo, anayeandaa dozi ya mshipa huvuta mililita 8 za dawa na kuongeza mililita 12 za maji ya sindano ili apate mililita 20. Hesabu hiyo ni nyepesi mchana mezani. Saa nane usiku, mbele ya mama anayetetemeka na ndugu wanaolia, si nyepesi hata kidogo.

Hatari nyingine imejificha katika neno dogo, yaani ampuli. Ampuli ya mililita 2 ya asilimia 50 ina gramu 1, ilhali ya mililita 10 ina gramu 5. Mwongozo unaosema “ampuli nne” ni sahihi kwa ampuli ndogo. Kwa ampuli kubwa, maneno hayohayo yanageuka kuwa gramu 20, mara tano ya dozi ya mshipa. Hapa waraka haujakosewa, na msomaji amesoma vizuri. Kilichobadilika ni kilichomo kabatini.

Kwa sababu hiyo, rasilimali yenye manufaa katika wodi ya wazazi ni ile iliyokwisha kufanyiwa kazi ya ziada. Kwanza, imepakuliwa na kuchapishwa. Pili, imelinganishwa na Mwongozo wa Matibabu wa Taifa na ampuli zinazopatikana kituoni, na vipimo vyake vimeandikwa kwa gramu na mililita. Vilevile, inataja dalili za kuzuia dozi inayofuata: pumzi chini ya 16 kwa dakika, mkojo chini ya mililita 30 kwa saa, au goti kutoitikia linapogongwa. Inataja pia kiondoa sumu, kalisiamu glukonati gramu 1, na mahali kilipowekwa. Kipengele hiki cha mwisho hakiwezi kuandikwa na mtu aliyeko Geneva wala Dodoma.

4.0 Lugha ya Kutoa Taarifa

Watoa huduma wa Tanzania husomeshwa kwa Kiingereza na huandika faili kwa Kiingereza, lakini hukabidhiana zamu kwa Kiswahili. Miongozo ya kimataifa husisitiza kwamba matukio yatolewe taarifa bila hofu ya adhabu. Mkazo huo hudhoofika mara tu dhana kuu inapotafsiriwa kuwa “kosa”. Katika Kiswahili, kosa ni kutenda isivyo sahihi, na pia ni hatia. Mahakamani kuna kosa la jinai, na mwenye kosa huomba radhi au huadhibiwa. Fomu inayomtaka muuguzi aripoti kosa inasikika kama inayomtaka akiri.

Istilahi bora zipo ndani ya lugha yenyewe. “Hitilafu” imezoeleka katika matangazo ya kukatika kwa umeme, ambako msikilizaji hutafuta chanzo katika mfumo kabla ya kumtafuta mtu. Kwa tukio lililokaribia kumdhuru mgonjwa lakini halikumdhuru, “tukio la nusura” linafaa zaidi kuliko tafsiri ndefu zinazobuniwa semina hadi semina, kwani neno nusura hubeba maana ya kukaribia pamoja na ya kuokoka.

Mfumo wa kitaifa wa taarifa za dawa unaonesha kwamba jambo hili linawezekana. Tanzania ilijiunga na mpango wa WHO wa ufuatiliaji wa dawa mwaka 1993. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) hupokea taarifa za madhara yanayoshukiwa kwa fomu ya njano na kwa njia ya kielektroniki, na fomu hiyo haidai uthibitisho: kushuku kunatosha. Kwa matukio ya wodini yasiyotokana na ubora wa dawa, kama vile kuchanganya ampuli, taarifa yenye faida ya haraka zaidi ni ile inayomfikia Mganga Mfawidhi na mfamasia wa kituo asubuhi hiyohiyo. Muuguzi wa zamu ya usiku ndiye wa kwanza kuona kwamba kasha lililofunguliwa lina ampuli za ukubwa mwingine. Akisema, bango la ukutani hubadilishwa kabla ya zamu inayofuata kuingia.