Bia ya Pipa na Leseni ya Duka

Wenye maduka madogo huuliza: "Ikiwa jirani yangu mwenye baa auza bia ya pipa, kwa nini mimi niuzaye unga na sukari nisiiuze?" Jawabu limo katika pipa lenyewe.

Chupa ya bia huuzwa ikiwa imefungwa, na mnunuzi aweza kuichukua akainywe kwake. Pipa si hivyo. Ni chombo cha chuma, mara nyingi cha lita 50, hutiwa mfereji, na bia husukumwa kwa gesi ikamiminwa kikombeni. Mnunuzi huinywa papo hapo. Basi duka lililofungua pipa limekuwa baa, hata kama sabuni ingali rafuni.

Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 ilitenga leseni ya vileo vya kunywewa mahali pale na leseni ya vileo vya kuchukuliwa. Ilitaka baa iwe mbali na shule kwa mita 300 au zaidi, iuze siku za kazi kuanzia saa 11 jioni hata saa 5 usiku, na asiuziwe mtu asiyetimiza miaka 18. Tangu 2013 leseni hutolewa na serikali za kaunti. Sasa lifikirie duka la kijijini. Mtoto hutumwa chumvi asubuhi, naye husimama mezani pamoja na wanywaji. Masharti hayo yatatimizwaje hapo?

Hata hivyo hatupendi bia hii itoweke. Ilianza kuuzwa mwaka 2004 kwa jina la Senator Keg, na Serikali ikaisamehe kodi ili watu wa kipato kidogo wapate kinywaji safi badala ya changaa. Mwaka 2013 sehemu kubwa ya msamaha huo iliondolewa, bei ikapanda, wengi wakaiacha. Mwezi wa Mei 2014 watu zaidi ya 80 walikufa, wengi wao huko Embu, kwa pombe yenye sumu ya methanoli. Haifai kusema kwamba kodi peke yake ndiyo iliyowaua, lakini mnywaji aliyekosa kikombe cha bei nafuu hakosi kutafuta kingine. Baadaye msamaha ulirudishwa.

Kwa hiyo mwenye duka anayetaka pipa na aende kwanza katika ofisi ya leseni ya kaunti yake, kabla ya kulipia mfereji na mtungi wa gesi.